Tairi Lililolika Bega

Maiti ya Mzee Filipo ilikutwa alfajiri ya Jumatano, pembeni mwa uwanja wa kupuria ambao mkewe alikuwa ameusiliba jioni iliyotangulia. Mkewe ndiye aliyemkuta. Mama Dina alitoka na ndoo kwenda kukamua, baridi ya Juni inamkata masikio, akaona matawi ya miba aliyoziba nayo njia yamesagwa na kutawanyika. Hasira zikamshika kwanza. Alianza kumlaani aliyemkanyagia uwanja, na laana ilikuwa bado mdomoni alipoona kiatu cha mumewe, kisha mumewe mwenyewe.

Ni vizuri uwanja huo ujulikane ni kitu gani, maana kesi yote imelala pale. Unyanjoro, kijiji cha mwendo mfupi kutoka njia panda ya Mkiwa, hakuna anayepuria mtama wake juu ya vumbi. Samadi mbichi ya ng'ombe hukorogwa na udongo wa kichuguu na majivu, wanawake wakaipaka kwa viganja huku wakirudi kinyumenyume, kisha uwanja ukaachwa usiku kucha ukauke uwe sakafu. Kabla haujakauka, hata kuku hafai kupita. Njia ikiwa karibu inazibwa kwa miba, na mwenye gari, mwenye baiskeli, mwenye punda, wote huzunguka nyuma ya zizi. Hata mlevi huzunguka. Anayekanyaga uwanja mbichi wa mtu amemtukana yeye na mavuno yake.

Sajenti Raheli wa upelelezi alifika saa mbili asubuhi. Alikuwa Mnyiramba wa Kiomboi, mwanamke mrefu asiyependa kupoteza maneno, na kwao pia viwanja vinasilibwa, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumweleza. Alichuchumaa ukingoni akatazama kwa muda mrefu. Gari lilikuwa limekata pembe ya uwanja ungali mbichi, magurudumu ya kushoto peke yake, na usiku ukaukausha ukiwa na alama zote ndani yake.

Pale gari lilipokunja kona, alama ya tairi la mbele ilikuwa imeachana na ya nyuma. Ya nyuma ilikuwa na kashata kamili, yaani meno yote ya mpira. Ya mbele ilikuwa na kashata upande mmoja tu. Bega la nje la tairi lilikuwa limelika likawa kipara, na juu ya kipara hicho kulikuwa na mkato uliopinda kama mundu.

"Tairi hili lilikuwa mbele kushoto," alimwambia konstebo aliyekuwa akipiga picha. "Tukilipata, tumempata mtu."

Daktari aliyeutazama mwili alisema nyonga na mbavu zimevunjika. Kisha akasema jambo ambalo Raheli hakupenda kulisikia: mzee hakufa papo hapo. Alikaa kitambo akivuja ndani kwa ndani, na kama angebebwa mapema, huenda angepona.

Mama Dina alikuwa ameketi jikoni, wanawake wamemzunguka.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba. Ahsante, mwanangu."

"Jana yalipita magari gani hapa?"

"Pikapu mbili za mashine ya alizeti ya Mkiwa, zilikuja kuchukua magunia. Ya Mzee Joseph iliingia mchana, hata samadi sijaikoroga. Ya Gervas ilikuja tukiwa tunapaka. Alisimama kwenye miba, akazima injini, akaniamkia. Nikamwambia, zunguka, mwanangu, pita kule. Akazunguka."

"Na wakati wa kutoka?"

"Nilikuwa napika, jua limeshazama. Nilisikia mngurumo mmoja. Sikutoka. Nilijua ni mtu wa kwetu, atazunguka." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Filipo alikuwa ametoka kutafuta mtamba aliyepotea. Akichelewa hulala kwa kaka yake ng'ambo ya korongo. Ndiyo maana sikumtafuta."

Sentensi hiyo ya mwisho aliisema mara mbili.

Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kinalitaja jina la Nathan, jirani ambaye alizeti yake iliwahi kuliwa na ng'ombe wa marehemu. Nathan alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba Filipo naye ataona mavuno yake yakiharibika. Lisemwalo lipo, walisema, na Raheli akaenda. Alimkuta ameegemea trekta lake, hasira zimemjaa.

"Nilisema, sikatai," Nathan alimwambia. "Nilikuwa na maana ya kumshtaki baraza la kijiji, alipe kwa mtama wake. Na gari ninalomiliki ni hili. Tazama matairi yake, afande, halafu nenda katazame kule uwanjani."

Matairi ya trekta yalikuwa mapana kama meza. Raheli alikwisha kuyaona.

"Lakini nikwambie kitu," Nathan aliendelea. "Ningetaka kumharibia Filipo, ningepita katikati. Huyu amechuna pembe tu, wala hakukanyaga breki kwenye miba. Amepita kama mtu asiyejua kwamba pale pana kitu."

Raheli aliyachukua maneno hayo, akayaweka, na bahati mbaya akayasahau.

Alhamisi asubuhi alikuwa Mkiwa, kwenye mashine ya kukamua alizeti. Mwenye mashine aliitwa Joyce, mjane mchapakazi aliyejenga ukuta na geti kwa jasho lake, na harufu ya mashudu ilikuwa imekolea mpaka kwenye nguo zake. Pikapu mbili nyeupe za aina moja zilikuwa zimeegeshwa uani, moja karibu na geti, nyingine ndani kabisa, ubavu wake wa kulia umebanana na ukuta. Zote zilikuwa na vyuma vizito mbele, vile visivyobonyea hata vikigonga ng'ombe. Zote zilikuwa zimeoshwa.

"Sheria yangu hiyo," Joyce alisema. "Gari likitoka kijijini linaoshwa kesho yake. Jana Mzee Joseph aliziosha zote mbili, maana Gervas alikuwa msibani. Kwao ni kulekule Unyanjoro."

"Matairi yake yanafanana."

"Niliyanunua Singida Mjini siku moja, yote manane."

Pikapu ya Gervas ndiyo iliyokuwa ukutani. Raheli alijipenyeza kati ya gari na ukuta, akainama kwenye gurudumu la nyuma kulia. Bega la tairi lilikuwa kipara. Mkato uliopinda kama mundu ulikuwa pale pale, na kwenye mpira imezama ncha ya mwiba.

Mtu aliyepata alichokitafuta huacha kutafuta. Raheli hakuwa wa kwanza kupatwa na hilo, wala hatakuwa wa mwisho.

Mzee Joseph alikuwa ameketi kwenye benchi la getini na chupa ya chai. Ndiye aliyekuwa dereva wa kwanza wa mashine ile, na nusu ya madereva wa Mkiwa walijifunzia usukani ubavuni pake, Gervas akiwa mmojawapo. Raheli alimkaribia bila sare, jua likiwa nyuma yake. Mzee alikaa kimya mpaka aliposikia sauti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu chai."

Alimmiminia, kidole kimoja kimeshika ukingo wa kikombe kwa ndani, na chai ilipogusa kidole akaacha kumimina. Raheli aliipokea kwa heshima, ingawa hakuwa na hamu nayo.

"Juzi ulirudi saa ngapi kutoka Unyanjoro?"

"Mapema. Jua lilikuwa bado halijazama. Nilipita barabara ya shuleni, ile ndefu."

"Na Gervas?"

"Sikumwona akirudi." Mzee Joseph aliziba chupa ya chai. "Afande, kijana huyu nimemlea mimi. Usinifanye nimseme."

"Sema tu, mzee. Mtu amekufa."

"Jana asubuhi, kabla hajaenda msibani, alikuja hapa. Nilikuwa nimekaa hapahapa. Nilimwona kule ukutani ameinua gari kwa jeki, anahamisha matairi, la mbele nyuma, la nyuma mbele. Sikushangaa. Ndiyo tabia yake, anazungusha matairi kila mara. Mimi namtania, namwambia unayacheza kama karata." Alipumua. "Sasa ndiyo naelewa alikuwa anaficha nini."

Joyce naye alikumbuka kuona jeki imelala pale ukutani Jumatano, ila mtu hakumwona. Ushahidi ulikuwa umekaa sawasawa. Tairi la mbele limehamishiwa nyuma, upande wa ukutani, na mwenye gari anajulikana kwa kuhamisha matairi.

Walimkamata Gervas alasiri ya siku hiyohiyo, mazishi yalipokwisha. Alikuwa ameshika sepeto. Ndiye aliyekuwa mbele ya vijana waliochimba kaburi tangu Jumatano, na udongo wa kaburi ulikuwa bado umemganda viganjani Raheli alipomfunga pingu mbele ya watu wote. Kisha mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini iliyosikika na wote: "Amemchimbia kaburi mtu aliyemuua." Kwa watu wa pale, hilo lilikuwa baya kuliko ajali yenyewe.

Kituoni Gervas hakulia wala hakupayuka. Alikuwa mwanaume wa miaka kama thelathini na mitano, mpole, mwenye desturi ya kufikiri kabla ya kujibu.

"Ulihamisha matairi lini?"

"Mwezi uliopita, afande. Bado muda wake haujafika."

"Tairi lililopita kwenye uwanja wa Mama Dina liko kwenye gari lako. Nyuma, kulia. Lilikuwa mbele kushoto. Limefikaje nyuma?"

"Sijui."

"Jumatano asubuhi ulikwenda kazini?"

"Sikwenda. Nilipopata habari nilikwenda msibani moja kwa moja. Mzee Filipo alikuwa kama baba kwetu."

"Kuna mtu amekuona uani, gari liko juu ya jeki."

"Nani?"

Raheli aligeuza ukurasa wa daftari. Gervas aliinamisha kichwa.

"Afande, uwanja ule niliuona unapakwa. Nilisalimia. Ningewezaje kusahau na kupita juu yake? Jioni nilipita barabara ya shuleni kwa sababu hiyo."

"Nani alikuona huko?"

"Hakuna," alisema. "Ilikuwa jioni, watu wako majumbani."

Jalada lilifungwa. Jumatatu angepelekwa mahakamani kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari na kumkimbia majeruhi. Mkuu wa kituo alimpongeza Raheli, naye akapokea pongezi kama mtu anayepokea sahani ya mwenzake.

Jumamosi asubuhi mke wa Gervas, Winfrida, alikuja na chakula cha mumewe. Alikuwa ametembea kwa miguu mpaka Mkiwa, kwa sababu bodaboda wa kijijini kwao hakumpakia. Alikaa kwenye benchi la kituo, kikapu magotini.

"Nyumbani hamjambo?" Raheli aliuliza.

"Hatujambo, afande." Ndivyo mtu anavyojibu, hata kama ana jambo. Halafu akasema, "Kisimani nikimaliza kuchota, wenzangu wanamwaga maji ya ndoo zao na kuanza upya. Shemeji zangu wamesema tuhame kabla ya mavuno. Wanasema mtu aliyemchimbia kaburi aliyemuua hawezi kula mtama wa ardhi hii."

"Tairi limekutwa kwenye gari lake, Winfrida."

"Nimesikia. Wanasema ni kwa sababu anazungusha matairi. Ni kweli, anazungusha." Alitabasamu kwa uchungu. "Gervas ni mtu wa namna hiyo. Hata magodoro ya watoto anayageuza. Kichwani panakuwa miguuni, chini panakuwa juu. Anasema kitu kikilaliwa upande mmoja kila siku kinabonyea huko, ukikigeuza kinachakaa sawasawa. Tumelalia magodoro hayo miaka mingi, hayana bonde hata moja."

Raheli alikuwa anakagua kikapu. Mkono ulisimama juu ya bakuli la ugali.

"Hayana bonde," alirudia.

"Hata moja."

Aliinuka bila kuaga, akachukua ufunguo wa gari.

Njia nzima mpaka Mkiwa alikuwa akijilaumu. Bega la tairi haliliki kwa siku moja. Huliwa polepole, tairi likikaa mbele kwenye gari ambalo magurudumu yake yamekaa upande, miezi na miezi, bila kuhamishwa. Mtu anayezungusha matairi kila mara anayazungusha ili hilo hasa lisitokee. Kwa hiyo ama Gervas hazungushi matairi, au tairi lile halikuwahi kuwa lake. Na watu wote, akiwemo shahidi ambaye maneno yake yalimtia pingu, walisema anazungusha.

Joyce alimfungulia geti mwenyewe. Raheli alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu ya ukutani, akapapasa tairi moja baada ya jingine kama mtu anayepapasa mbuzi mnadani. Mbele kulia: kashata zimelika sawasawa, bega kwa bega. Mbele kushoto, vivyo hivyo. Nyuma kushoto, vivyo hivyo. Matairi matatu mapacha, na la nne, lile la kipara, mgeni.

Kisha akaiendea pikapu ya pili, ile ambayo Alhamisi hakuinama kuitazama. Ya Mzee Joseph. Matairi ya nyuma yalikuwa na kashata nene. La mbele kulia lilikuwa limeanza kipara kwenye bega la nje. La mbele kushoto, ambalo lilipaswa kuwa limelika kama mwenzake au zaidi, lilikuwa limelika sawasawa, bega kwa bega. Pacha wa nne alikuwa hapa.

Raheli alilala chali kwenye vumbi, akaingiza mkono ndani ya madigadi ya gurudumu hilo, juu kabisa, mahali maji ya kuoshea hayafiki. Vidole vilirudi na kipande cha tope kavu la kijivu, lina nyuzi za majani yaliyopita tumboni mwa ng'ombe, limechanganyika na majivu. Alikinusa. Kwao pia viwanja vinasilibwa.

"Dada Joyce," alisema akiwa bado chini. "Mzee Joseph huwa anazungusha matairi?"

"Yule? Hata ukimlazimisha. Anasema tairi ni kama mke, likishapangiwa chumba chake liachwe."

"Safari za jioni huwa anakwenda nani?"

"Gervas. Mzee ana miezi sasa anazikataa. Anasema baridi inamuuma mgongo." Joyce alimtazama. "Afande, unataka kuniambia nini?"

"Jumanne alirudi saa ngapi?"

"Mimi nilikuwa Singida. Nilirudi kesho yake."

"Na ukuta ule, kutoka kwenye benchi la getini, mtu anaweza kumtambua aliyesimama pale?"

"Anaweza, kama macho yake ni mazima."

Raheli alikumbuka kidole ndani ya kikombe.

Alirudi alasiri, jua likiwa limeanza kushuka. Alikuja na mkuu wa kituo, na Gervas bila pingu, na Mama Dina aliyevaa nguo za msiba. Mama Dina hakuambiwa mengi. Aliombwa tu asimame kule ukutani, kando ya pikapu, na akakubali kwa sababu alikuwa amechoka kuuliza. Mzee Joseph alikuwa kwenye benchi lake, na chupa yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu chai."

"Leo sitakunywa. Nimekuja unisaidie maelezo yako. Uliniambia ulikuwa umekaa hapa ulipomwona Gervas kule ukutani."

"Hapahapa."

"Ulimwona vizuri."

"Kama ninavyokuona wewe."

"Sasa hivi kuna mtu amesimama palepale. Ni nani?"

Mzee Joseph aligeuka. Alikaza macho mpaka mashavu yakakunjamana. Alisubiri, huenda mtu yule atakohoa, au ataita, au atatembea kwa mwendo unaojulikana. Hakuna kilichosikika. Upepo ulikuwa unapeperusha makapi ya alizeti uani.

"Si ni Joyce huyo," alisema hatimaye.

Joyce alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake.

"Niko hapa, mzee," alisema taratibu.

Mzee aligeuka kuelekea sauti. Raheli aliketi kwenye benchi kando yake, kama binti anavyoketi na baba yake, akaongea bila kupandisha sauti.

"Hukumwona Gervas Jumatano, mzee. Hakuja. Na hata angekuja usingemwona. Tairi lile lilikuwa lako, mbele kushoto. Umelikalisha hapo tangu liliponunuliwa, likaliwa bega, kama mwenzake wa kulia anavyoliwa sasa. Jumatano Gervas akiwa msibani ulilifungua ukalifunga kwenye gari lake, upande wa ukutani usionekane, na la kwake ukalileta kwako. Ukajua watu watasema, Gervas huzungusha matairi. Hukukumbuka kwa nini anazungusha. Matairi yake yote yamelika sawa. Hilo moja tu ndilo limekaa kwenye gari lake kama mgeni."

"Afande—"

"Samadi ya Mama Dina iko ndani ya madigadi yako. Uliingia Unyanjoro mchana, uwanja haujapakwa bado. Hukujua. Ulipotoka kulikuwa na giza jepesi, na miba hukuiona."

Njia ya mwongo fupi, na ya Mzee Joseph ilikuwa imefika mwisho. Alipoanza kusema, alisema akimwelekea Gervas, mahali alipodhani Gervas amesimama.

"Macho yalianza mwaka juzi. Jioni naona kama kuna moshi. Nikaenda hospitali, wakaniambia nisiendeshe tena. Sikumwambia mtu. Mimi ni dereva, Gervas. Bila usukani mimi ni nani hapa Mkiwa? Siku ile nilichelewa kupakia. Nikasema njia ya uwanjani ni fupi, naijua hata nikifumba macho." Alipapasa ukingo wa benchi. "Nikasikia mshindo. Nilidhani ni ndama."

"Na ulipojua si ndama?" Gervas aliuliza. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa amesema tangu waingie.

"Asubuhi mji mzima ulikuwa unalisema lile tairi. Nikaona nikikamatwa, nitafia jela, mzee kipofu. Wewe bado kijana, utafungwa, utatoka."

"Mimi nina watoto, mzee. Wanatengwa kisimani."



Mama Dina alikuwa ametoka ukutani, anakuja polepole kwenye vumbi la ua. Hakuna aliyemwita, wala hakuna aliyemzuia. Alisimama mbele ya benchi, karibu kiasi kwamba mzee sasa alimwona, na alipomwona akajaribu kuinuka.

"Joseph," alisema. "Ndama wetu walikuwa zizini. Filipo aliwafungia kabla hajatoka."

"Mama Dina, nisamehe."

"Nitakusamehe au sitakusamehe, hilo litakuja. Mimi nina swali moja. Daktari amesema mume wangu hakufa palepale. Alisema neno?"

Mzee Joseph alifunika uso kwa viganja.

"Aliniita jina," alisema ndani ya viganja. "Aliujua mlio wa gari. Alisema, Joseph, njoo uninyanyue."

Mama Dina alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea mzigo na kuutafutia mahali pa kukaa. Kisha akageuka akamshika Gervas mkono, mkono uleule uliochimba kaburi, akatoka naye getini, na watu wa Mkiwa waliokuwa wamejaa barabarani waliwaona wamefuatana.

Mzee Joseph alifikishwa mahakamani Jumatatu, akakiri yote. Raheli alimpigia simu Mama Dina kumwambia kwamba polisi hawana tena haja na alama ile, uwanja ni wake. Mtama ulikuwa umesimama shambani siku zote hizo, ndege wanaula, kwa sababu mama alikataa kugusa uwanja mpaka kesi iishe.

Ijumaa yake Raheli alipita Unyanjoro kumrudishia Mama Dina kitambulisho cha marehemu. Akakuta miba imewekwa njiani. Wanawake walikuwa wameinama uwanjani, samadi mpaka viwikoni, na Winfrida alikuwa katikati yao, anapaka mstari mmoja na shemeji zake. Mama Dina alikuwa kwenye pembe, anaipaka ile alama ya tairi kwa kiganja chake mwenyewe, taratibu, mpaka ikaisha.

Mbele ya gari la Raheli, pikapu nyeupe ilikuwa imefika kwenye miba. Matairi yake manne yalikuwa mapacha tena. Gervas alizima injini, akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mama."

Mama Dina hakuinua uso mara moja. Alimaliza kiganja alichokuwa akipaka, akanyoosha mgongo.

"Marahaba," alisema. "Zunguka, mwanangu. Pita kule."

Gervas aliwasha gari akazunguka nyuma ya zizi, na Raheli akamfuata.